Maswali ya Wasomaji: Damu ya Macbeth Katika Ghala la Korosho

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika hadithi fupi kuhusu mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, ambaye alipata cheo hicho baada ya kumsingizia mtangulizi wake kwamba alichezea mizani ya ghalani, na yule mtangulizi akafa kwa fedheha. Kwa kuwa tamthilia ya Shakespeare iitwayo Macbeth, kuhusu jemadari anayemuua mfalme wake ili atawale, haijanitoka akilini tangu nilipoisoma, nimeitumia damu yake: mwenyekiti anaota damu, anaiona ndani ya beseni la kunawia, na mwishoni mkewe ananawa mikono usiku wa manane huku akilia. Rafiki yangu aliyeisoma rasimu ninayoiambatisha anasema kwamba nimenakili. Je, ni kosa kuchukua ishara za tamthilia ya kale? Kama si kosa, zichukuliwe vipi?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Si kosa hata kidogo. Shakespeare mwenyewe, alipoiandika Macbeth yapata mwaka 1606, kisa alikitoa katika kitabu cha historia cha Holinshed, ingawa yule mke anayetembea usingizini akijisugua mikono hamo katika kitabu hicho. Rafiki yako, hata hivyo, ameona jambo la kweli, nalo ni kwamba umechukua kitu chenyewe ukaiacha kazi yake.

Ifuatilie damu hiyo tangu mwanzo. Katika onyesho la pili tu analetwa mbele ya mfalme askari anayevuja damu, na majeraha yake yanasifiwa kuwa ni heshima yake, kwa hiyo mtazamaji anakutana na damu kwanza kama fahari ya vitani. Mfalme huyo, Duncan, anapokwisha kuuawa na Macbeth, watu wawili wanaitazama damu ile ile kwa macho mawili tofauti: Macbeth anahofia kwamba bahari nzima haitamtakasa, bali mkono wake ndio utakaoigeuza bahari kuwa nyekundu, ilhali mkewe anamwambia kwamba maji kidogo yanatosha. Kisha, katika tendo la tano, ni mke huyo huyo wa maji kidogo ambaye anasugua doa lisiloonekana na mtu mwingine, na kulalamika kwamba manukato yote ya Uarabuni hayawezi kuuondolea mkono wake harufu. (Msomaji wa pwani aliyelelewa katika nyumba ya udi na marashi huenda akausikia uzito wa maneno hayo kuliko msomaji wa London.) Damu imesafiri kutoka heshima hadi ushahidi, na kutoka ushahidi hadi maradhi. Yako imesimama mahali pamoja, kwani mara zote tatu inatuambia kwamba mwenyekiti ana hatia, jambo ambalo tulikwisha kulijua. Tena inaingia katika hadithi ambayo ndani yake hakuna hata mtu mmoja aliyechanjwa na wembe.

Sasa rudi kwenye ukurasa wako wa kwanza uitazame mizani, ambayo uliitaja mara moja ukaisahau. Ndicho kitu ambacho wahusika wako wanakishika, wanakiamini na kukigombania bila ya kuambiwa na mwandishi. Tuoneshe kwanza mtangulizi akiipima kwa jiwe analojulikana nalo kijiji kizima, wakulima wakiwa wametulia kwa kuwa ni yeye aliyesimama hapo. Halafu iwe ushahidi wa uongo katika mkutano mkuu. Baadaye, chama kikiwa mikononi mwa mwenyekiti mpya, mwache nyumbani kwake akipima kilo ya sukari aliyotoka kuinunua, aipime tena, na amtume mtoto dukani kuuliza. Usiandike popote kwamba dhamiri inamsuta. Na yule mke anayenawa usiku umwondoe, kwa sababu kila aliyeisoma Macbeth atamwona Lady Macbeth amefungwa kanga.

Liko jambo la pili ambalo ningependa ulijifunze katika tamthilia hiyo, nalo watu hulizungumza kwa nadra kuliko damu: mavazi. Macbeth anapopewa ukuu wa Cawdor, cheo cha bwana mwingine, anauliza kwa nini anavishwa nguo za kuazima. Banquo, jemadari mwenzake, anasema kwamba heshima mpya ni kama nguo mpya, haikai mwilini mpaka izoewe. Macduff, bwana mwingine wa Uskoti, anahofia kwamba nguo za zamani huenda zikaonekana kuwa zilitukaa vyema zaidi. Karibu na mwisho Angus, mmoja wa mabwana wa Uskoti, anamfananisha mfalme na mwizi mbilikimo aliyevaa joho la jitu. Ni vinywa vinne tofauti vinavyoiendeleza picha moja. Kwetu mkulima yeyote angeweza kuwajibu kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kwa hiyo mizani yako nayo isibaki kichwani mwa mwenyekiti peke yake; mpe mpagazi neno moja juu yake, na mama muuza chai neno jingine, kila mmoja akiwa katika shughuli zake.

SWALI: Katika mchezo wa wanafunzi wangu ninataka kutumia maji kama yalivyotumika katika Kinjeketile. Je, hiyo ni ishara au ni motifu?
Mwalimu, Songea

JIBU: Ni vyote viwili. Ishara yaweza kutokea mara moja na kutosha. Motifu ni lazima irudi, na ikirudi iwe imebadilika. Katika tamthilia hiyo ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, maji kwanza yanayaunganisha makabila yaliyokuwa hayaaminiani, kisha yanakuwa kinga dhidi ya risasi ambayo Kinjeketile mwenyewe, mganga aliyeyaleta, anaanza kuitilia shaka, na mwishowe, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kuyakana, kwa kuwa kuyakana kungewafanya wajukuu waamini kwamba waliopigana walikosea. Maji yale yale ambayo hayakuzuia risasi yanabaki kuwa neno lisiloweza kurudishwa. Ukitaka wanafunzi wako wayatumie, waulize kwanza maji hayo yako wapi katika maisha yao, kama ni kwenye bomba la shule, kisimani au mtoni, na nani anayeyagawa.