Masika yanaisha, nina laki nane: ninunue fimbo au nijenge banda?

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Rundugai, wilaya ya Hai. Mwaka jana nilianza kuwapeleka wageni wanaokuja kuoga kwenye chemchemi ya Chemka wakavue kwa ndoano kando ya mto Kikuletwa. Mwezi wa sita wageni wataanza kumiminika tena. Nina shilingi laki nane. Je, ninunue fimbo mpya za kuvulia, au nijenge banda la kupumzikia pale ukingoni?
Kijana wa Rundugai

JIBU: Marahaba mwanangu. Banda liache kabisa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na utabomolewa huku wageni wanatazama. Turubai na viti vya kukunja vinatosha, jioni unaondoka navyo.

Fimbo nazo zisubiri. Anza na ukingo wenyewe, maana ule wa mwaka jana si huu. Mafuriko hula udongo kwa chini, nyasi zikabaki juu zikikudanganya. Tembea na mti mrefu, uchome kila hatua mbili. Ukiona ufa unaokwenda sambamba na mto, hata mwembamba wa kuingia kidole tu, hapo hasimami mtu: siku yoyote kipande hicho kitashuka na aliye juu yake. Chagua sehemu yenye mizizi ya mti mkubwa, mgeni akae hatua kadhaa nyuma ya maji.

Halafu kaa na wachungaji na akina mama wanaochota maji. Wao ndio wanaojua mbuzi alikamatwa wapi. Mamba hujifunza mazoea, kwa hiyo usimsimamishe mgeni pale pale, saa ile ile, kila siku. Wala usimruhusu kuingia majini kuonja ubaridi. Tukiacha mamba, kuna kichocho.

Sasa vifaa. Fimbo za mwaka jana zioshe, zikaushe, zitafaa. Mshipi ndio wa kubadilisha wote, kwa sababu nailoni ikipigwa jua huchoka hata kama kwa macho inang'aa. Kijino cha ndoano kibane na koleo kilale. Itachomoka kirahisi mdomoni mwa samaki, na kwenye sikio la mgeni pia, maana wanaoanza hurusha hovyo. Nunua jaketi okozi na sanduku la huduma ya kwanza. Kinachobaki ni cha leseni: pita kwa ofisa uvuvi pale Boma Ng'ombe, umuulize ya kwako na ya mgeni anayevua kwa starehe, kisha ufuatilie ile ya kuongoza watalii.

Maji yakiwa bado rangi ya chai ya maziwa, tafuta kambare kwa minyoo au utumbo wa kuku. Mshike nyuma ya kichwa, mapezi yake ya mbavuni yana miiba. Yakitakata, perege atakuja. Hapa nakuomba sana, mwanangu: perege jike hulea mayai na vifaranga mdomoni. Ukimtoa ukaona vitu vya manjano vinamwagika, usipige picha. Mrudishe hapo hapo, ukiwa umelowesha mikono. Bonde hili la Pangani lina perege wake wa asili wasiopatikana kwingine, na tayari wamepungua.

Mchungaji atakayekuonyesha njia mwekee posho kwa kila mgeni, mkubaliane kabla mwezi wa sita haujaingia.