Nilivyoacha kumchungulia fundi mwenzangu

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa naangalia stetasi za fundi mmoja wa Kihonda huku nimezima tiki za bluu. Ukizizima, WhatsApp haimwonyeshi mwenye stetasi kwamba umepita. Kila asubuhi, kabla sijatandaza kitambaa mezani, nachungulia: ameshona nini, anatoza ngapi, sendofu za mwezi huu amepata ngapi. Roho inaniuma, nafunga simu, naingia kazini. Huo ndio uliokuwa ujirani wangu na mafundi wenzangu hapa Morogoro.

Halafu ovaloki yangu, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichomoke nyuzi, ikaungua mota. Alhamisi jioni, nina sare 42 za kitenge za kamati ya sendofu, na shughuli yenyewe Jumamosi. Magauni yameshaungwa, kingo zote ziko wazi, nyuzi zinachomoka. Nikapiga picha mashine, nikaiweka stetasi: "Jamani nani ana ovaloki, nakodi hata kwa usiku mmoja." Wateja wakanitumia vikatuni vya kulia. Aliyepiga simu ni yuleyule wa Kihonda. "Dada, lete. Ila kwangu zimebaki yuniti tatu, njoo na luku."

Nikapakia mifuko miwili kwenye bodaboda. Tulipiga ovaloki mpaka saa tisa usiku, mmoja anaendesha, mwingine anakata nyuzi. Hela alikataa. Alichotaka ni nimwonyeshe ninavyoshona zipu ya kujificha bila kitambaa kukunjamana kiunoni, maana alishaiona kwenye picha zangu za Instagram. Kumbe naye alikuwa ananichungulia.

Tangu usiku ule nimeigeuza simu yangu. Kama una duka, saluni au cherehani, nakushauri muda unaoutumia mtandaoni kutafuta wateja uukate, nusu uwape watu wa kazi yako. Mteja wa sendofu akishavaa amevaa, utamwona tena akipata shughuli nyingine. Fundi mwenzako unamhitaji kila wiki: leo mashine, kesho uzi wa rangi iliyokuishia, keshokutwa akunong'oneze kwamba huyo mama anayekujia na kitenge cha bei mbaya hamalizagi kulipa.

Kuanza si kazi, ila wengi tunaanza vibaya. Mtu anakuingia inbox na "Mambo mpendwa, tushirikiane kibiashara," hujui hata anauza nini. Kuweka alama za moto chini ya kila picha nako hakumjengi mtu. Uliza kitu ambacho ni mwenye kazi tu angekiuliza. Mimi fundi mmoja wa Dodoma nilimpata kwa swali moja: kola yako imesimama hivi, umeweka gamu (kile kitambaa cha ndani cha kuikazia kola) ya aina gani? Akanijibu kwa sauti ya dakika nne. Na wewe ukiulizwa, jibu. Ukificha ufundi wa kola, mwenzako ataupata YouTube jioni hiyohiyo, na atakukumbuka kwa uchoyo.

Bei nayo iandike. "Bei njoo inbox" inamchosha mteja, lakini mwenzako inamfukuza kabisa, kwa sababu hawezi kukuletea mtu ambaye hajui amwambie aje na shilingi ngapi.

Hapa kwenye kuletana wateja ndipo nilipojifunza zaidi. Suti za kiume sishoni. Zamani nilikuwa nasema tu hatushoni, mtu anaondoka. Siku hizi namtumia namba ya kaka mmoja karibu na soko la Chifu Kingalu, halafu hapohapo namwandikia kaka mwenyewe: "Nimekuletea mtu, anataka suti ya harusi ya Desemba, bei nimeshamdokeza." Huo ujumbe wa pili ndio wenye kazi. Kutoa namba kila mtu anatoa, lakini aliyeletewa mteja bila kuambiwa ni wa nani hajui amshukuru nani. Yule kaka sasa kila akiulizwa gauni la mke wa bwana harusi, simu yangu inalia.

Grupu tumefungua, tuko tisa. WhatsApp inaruhusu watu 1,024, na mimi nimeshakaa kwenye magrupu ya mamia: dua asubuhi, matangazo ya mikopo mchana, ugomvi wa mpira usiku. Letu lina masharti mawili tu. Hakuna kuforwadi, na kila Jumanne mmoja anakwenda Kariakoo na orodha ya wote: zipu, bitana, nyuzi, vifungo. Hela anatumiwa Jumatatu usiku, na kabla hajaondoka Dar anaweka picha za risiti grupuni. Mara moja mmoja alichelewesha picha hizo mpaka kesho yake. Hakuwa ameiba, chaji ilikwisha, lakini tulivyopishana maneno usiku ule, sasa powerbank ni mali ya grupu.

Nilishapigwa lakini, nisijifanye mjanja. Kwenye moja ya yale magrupu makubwa kulikuwa na mtu anauza majora ya kitambaa cha suti kwa bei ya kuokota, anasema duka liko Mtaa wa Aggrey. Nikatuma 180,000. Jora halikufika stendi ya Msamvu mpaka leo. Leo hii ningemwomba mwenzangu aliyeko Kariakoo siku hiyo avuke tu mtaa akalione duka. Ni dakika kumi za miguu yake.

Jambo jingine nililifahamu Mei 12, 2024, pale nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Jumapili ile grupu letu lilikuwa kama limekufa. Kumbe namba za wenzangu watatu sikuwa nimezihifadhi, nilikuwa nawajua kwa picha zao tu. Sasa ninazo kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa kwanza. Na usisahau kuwaomba nao wahifadhi yako, maana broadikasti ya WhatsApp haimfikii ambaye hajakuhifadhi. Unaweza kutangaza mwezi mzima ukidhani watu wanakupuuza.

Sisemi tunapendana kila siku. Mwezi jana mteja wangu wa miaka mitatu alihamia kwa dada wa Kihonda. Huyo dada mwenyewe ndiye aliyenitumia sauti kunieleza, kabla sijaliona gauni. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaifungua stetasi yake, tiki za bluu nimewasha, nikalikuza lile gauni kwa vidole viwili, nikamwandikia kwamba bega la kushoto limepanda kidogo.

Akajibu: "Nimeliona dada. Kesho nafumua."