Jibu: 3 Ninjas, mbona watoto wanabadilika?

Salama mkuu. Umesema umejaziwa flashi hapo Mwanjelwa, filamu za 3 Ninjas zote nne, ila watoto wa sehemu ya pili si wale wa kwanza, halafu ya tatu wale wa kwanza wanarudi, tena wadogo. Unahisi jamaa kakuchanganyia.

Hajakuchanganyia. Angalia mwaka kwanza: ya kwanza 1992, Kick Back 1994, Knuckle Up 1995, High Noon at Mega Mountain 1998. Mchezo uko kwenye Knuckle Up. Walii-shuti mapema na watoto walewale wa kwanza, ikawekwa kabatini, Kick Back ikatangulia kutoka. Kwenye Kick Back, kati ya wale ndugu watatu, Rocky na Tum Tum wanaigizwa na watoto wengine, kabaki wa Colt tu, Max Elliott Slade. Ndiyo maana Colt "anarudi" udogoni.

Kama DJ aliyetafsiri kakata majina ya mwanzo, tazama mandhari: wakienda Japani ni Kick Back, kijiji cha wenyeji asilia wa Marekani na taka za sumu ni Knuckle Up.

Mimi hapa Makambako kwenye kibanda umiza, kibanda cha kuonyesha video, naziweka ya kwanza, ya tatu, ndipo ya pili. Zile kelele za "huyo siyo Rocky!" zimepungua sana. Ya nne watoto wote wapya. Binafsi naiona chapwa, ila madogo wakimwona mwanamieleka Hulk Hogan benchi zinahama. Babu yao anaigizwa na Victor Wong zote nne.