Usimnyime hei farasi anayebakisha nafaka

Weka chini huo unga wa byuti, ndugu yangu! Unasema farasi wako anabakisha nafaka kihorini, anageuka kukuuma ukimkaza mshipi wa tandiko, na mkufunzi wako amekwambia umpunguzie hei, yaani majani makavu, umwongezee nafaka, halafu umpe hiyo byuti, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo. Ushauri huohuo nilipewa mimi huku Ngong, na nusura nimzike farasi.

Sultani wangu alianza hivyohivyo. Jioni nikimwekea nafaka anachota midomo miwili mitatu, anainua kichwa, anasaga meno akiutazama ukuta, kisha anaiacha na kwenda kutafuna hei. Manyoya yakafifia, mbavu zikaanza kuhesabika. Saisi wetu, mzee aliyekulia mabandani, aliniambia siku ya kwanza: "Bosi, huyu si mgongo. Huyu anaumwa tumbo." Sikumsikiliza. Nikamsikiliza mkufunzi mwenye buti zinazong'aa, aliyesema hei inamfanya farasi awe mzito. Hata hakumgusa tumbo! Alimtazama dakika tano akiwa mlangoni, akapokea pesa yake, akaondoka.

Basi nikampa byuti wiki tatu. Hei nikaikata: asubuhi kidogo, jioni kidogo, na kuanzia saa mbili usiku kihori kitupu mpaka kunakucha. Hapo ndipo nilipomuumiza. Tumbo la farasi linatoa asidi usiku na mchana, awe anakula au hali. Mate ndiyo yanayoipoza asidi hiyo, na farasi hatoi mate ya maana asipotafuna. Sehemu ya juu ya tumbo lake haina ute wa kuikinga, kwa hiyo usiku mzima ilikuwa inaungua. Ile ya chini ina ute wake, lakini byuti nayo inaudhoofisha ulinzi huo. Nilikuwa namchoma juu na chini, nikidhani namtibu.

Alipoanza kulala chini na kujitazama ubavuni ndipo nikamwita daktari wa mifugo. Akaamuru anyimwe chakula usiku kucha ili tumbo liwe wazi, kisha akampitishia puani mrija wa kamera wa mita 3. Nilisimama pale nikitazama skrini. Ukuta wa juu, unaotakiwa kuwa mweupe, ulikuwa na vidonda: mabaka mekundu, mengine yakivuja damu. Saisi alikuwa nyuma yangu ameshika kamba. Hakusema neno.

Byuti ikasimamishwa siku hiyo. Tukampa omeprazoli ya farasi, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku kwa siku 28, asubuhi kabla hajala, tunangoja nusu saa ndipo tunamlisha. Usije ukasaga vidonge vya binadamu kuokoa pesa. Zile punje za ndani zimefunikwa makusudi. Ukizisaga, asidi inaiharibu dawa kabla haijafanya kazi. Vidonda vya sehemu ya chini vinaweza kuhitaji dawa nyingine pia, ndiyo maana kamera ni muhimu.

Lakini dawa bila hei ni kazi bure. Farasi asikae zaidi ya saa 6 bila kitu cha kutafuna, hata usiku. Mfungie hei kwenye wavu wa matundu madogo ili imfikishe alfajiri. Nafaka ipunguze, uigawe mara nyingi. Kabla ya kumpanda mpe lusani (alfalfa) kidogo: kalisiamu yake inapoza asidi, na majani yanaizuia isirukie juu anapokimbia. Hei kwanza, mengine baadaye!

Wiki ya pili ya dawa, Sultani alimaliza nafaka yake yote, akalamba kihori mpaka chuma kikalia. Saisi alikuja mbio kuniita nikaone.

Mpigie daktari kesho asubuhi. Akianza kugaagaa usiku huu, usingoje kesho. Na kabla hujafunga banda leo, mwongezee hei.