Piano ya Shearing kwa mtoto asiyeona

Mwanangu,

Hatujambo huku Kisumu. Umeuliza kama George Shearing, yule mpiga piano wa jazi aliyezaliwa haoni, alikuwa na kipaji tu, au kuna kitu chake ambacho mjukuu wangu anaweza kujifunza akija likizo kutoka shule ya wasioona ya Kibos. Kipo, tena kinafundishika.

Shearing alizaliwa Battersea, London, mwaka 1919, kitinda mimba katika watoto tisa. Misingi aliipata shule ya wasioona ya Linden Lodge. Mengine aliyanasa kwa sikio kwenye santuri za wapiga piano Fats Waller na Teddy Wilson. Mwaka 1947 alihamia Marekani, na mwaka 1949 kundi lake la watu watano likampa jina.

Mtindo wake ni huu. Wimbo unakaa kwenye kidole kidogo cha kulia. Chini yake zinabanwa noti tatu, zote ndani ya oktava moja, yaani kutoka do hadi do inayofuata, na mkono wa kushoto unarudia noti ya wimbo oktava moja chini. Wimbo ukiwa do: kulia mi, so, la, do, kushoto do. Ukipanda re: kulia fa, la iliyoshushwa nusu, ti, re; kushoto re. Ukifika mi: kulia so, la, do, mi, kushoto mi. Mpiga piano Milt Buckner alimtangulia kwa hilo. Shearing aliongeza vibrafoni, ala ya vibao vya chuma vinavyogongwa, kufuata wimbo wa juu na gita kufuata ule wa chini.

Kwa asiyeona naupenda kwa sababu mikono haiachani. Mtindo wa zamani, ambapo kushoto huruka kutoka besi, noti nzito ya chini, hadi kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, humlazimu anayeanza kubahatisha. Mpiga piano Art Tatum aliumudu akiona kwa shida sana, lakini Tatum ni Tatum.

Kinanda cha vibonye 61 kinatosha, mradi vibonye viwe vya saizi kamili. Vile vidogo vya kuchezea humzoesha mkono oktava ya uongo. Usibandike alama, kwani piano ya kanisani haitakuwa nazo. Apapase vyeusi: do iko kushoto kwa vile viwili, fa kushoto kwa vile vitatu. Wala usimshike vidole umsukume. Aweke mkono wake juu ya wako.

Noti za breli hazisomeki huku mikono yote miwili ikipiga. Asome kwa mmoja, apige kwa mwingine, akariri mapigo manne, abadilishe mikono, ndipo aunganishe.

Kasoro itakayojitokeza ni noti za katikati kumeza wimbo. Aimbe anapopiga, na pedali aiache kwanza.

“Lullaby of Birdland”, aliyoitunga Shearing mwaka 1952, isubiri; kodi zake zinabadilika upesi mno. Aanze na wimbo wa kanisani anaoujua, noti nane za mwanzo tu. Nirekodie unitumie WhatsApp, nisikie kama mkono wa kushoto unachelewa.

Babako