Ukipotea na baiskeli Usambara, usifuate kijito
Umepotea na baiskeli milimani, ufuate kijito? Hapana, usishuke nacho ukidhani kitakufikisha kijijini. Huku Lushoto milima inakatika ghafla, maji yanaangukia kwenye maporomoko kama yale ya Soni, na mawe ya kando yana utelezi mbaya. Natembeza wageni kwa baiskeli, hili ndilo la kwanza kuwaambia. Shuka kwenye baiskeli, geuza, fuata alama za tairi zako mwenyewe hadi njia panda ya mwisho unayoikumbuka. Kwenye udongo mwekundu zinaonekana vizuri. Ila ikishafika saa kumi na mbili jioni usihangaike tena: giza linaingia upesi. Tulia hapo, vaa kila ulichonacho (Juni na Julai baridi ni kali kweli), na simu ikishika mtandao piga 112, namba ya dharura.