Nilinunua cheti ambacho hakuna aliyekiomba

Jumapili msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, eti siku hizi huingii Afrika Kusini bila cheti cha chanjo ya mpox, ile homa ya nyani? Nasafiri baada ya wiki tatu." Niliweka simu chini kwanza. Uvumi huo ulininyima harusi ya mdogo wangu.

Ilikuwa mwishoni mwa 2024. Kwenye kikundi cha familia iliingia sauti ya mwanamume anayeongea kama afisa: kuanzia Jumatatu, bila chanjo ya mpox hupandi ndege ya Johannesburg. Juu yake pameandikwa "imesambazwa mara nyingi". Ikafuata barua yenye nembo ya serikali, haina tarehe, haina sahihi. Shangazi akasisitiza tujipange mapema. Nami, mhasibu ninayekagua risiti za watu kutwa, nikamtumia broka wa River Road, Nairobi, shilingi 7,000 kwa M-Pesa anipatie cheti.

Siku ya safari, pale uwanja wa ndege wa JKIA, binti wa kaunta hakukigusa kile cheti. Alibonyeza kompyuta, akasoma, akanyoosha mkono. "Kadi ya manjano?"

Ilikuwa nyumbani Umoja, kwenye droo. Sanduku langu likateremshwa kwenye mizani. Mpaka leo picha za harusi ile sijazifungua.

Kadi hiyo ndiyo cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Afrika Kusini hukidai kwa anayetoka Kenya, na halikuwa jambo la siri. Yule binti alikuwa akisoma Timatic, hifadhi ya masharti ya safari ambayo mashirika ya ndege huitegemea, na abiria pia anaweza kuyaangalia kwenye tovuti ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Tena Shirika la Afya Duniani, lililotangaza mpox kuwa dharura Agosti 2024, lilishauri nchi zisidai chanjo wala kipimo cha ugonjwa huo kwa wasafiri.

Jamani, tusome! Sharti la kweli lina mwenyewe: nchi iliyolitoa, tarehe linapoanza, kaunta inayolijua. Pigia ubalozi, pigia shirika lako la ndege, usimlipe mtu kabla hujasoma kwa macho yako. Sauti isiyo na mwenyewe iache ipite, hata ikiletwa na shangazi unayemheshimu.

Dada uliyeniandikia, hicho cha mpox nimekitafuta kwenye masharti ya Afrika Kusini, hakimo. Kadi ya manjano hata ikiwa ya 2012 bado ni halali, maana tangu Julai 2016 inadumu maisha yote. Kama hujawahi kuchanjwa, nenda kesho asubuhi. Inaanza kukubalika siku ya kumi baada ya sindano.